Kosa la Sherifu, Adhabu ya Mpiga Kura

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii huzungumzwa sana kila baada ya uchaguzi, na aghalabu hutoka kinywani mwa yule aliyekwisha kutangazwa mshindi. Ni methali njema, na hatuna ugomvi nayo. Lakini kabla ya kumtaka mtu akubali kushindwa, yafaa kwanza tuulize kama kweli ameshindwa. Je, kura zote zilihesabiwa? Zilihesabiwa na nani? Na zile ambazo hazikuhesabiwa, ziliachwa kwa sababu gani?

Maswali haya si mageni duniani, wala hayakuzaliwa barani Afrika. Wako watu wanaotuhubiria kwamba mataifa makubwa yalizaliwa na demokrasia mkononi, na kwamba wizi wa kura ni ugonjwa wa watu maskini. Kwa ajili yao, na kwa ajili yetu sisi tunaotaka kujifunza, nataka nisimulie habari za uchaguzi wa gavana wa jimbo la New York, nchini Marekani, uliofanyika mwezi Aprili mwaka 1792. Taifa hilo lilikuwa changa. Katiba yake ilikuwa imeanza kutumika miaka mitatu tu iliyotangulia, na Rais wake wa kwanza, George Washington, alikuwa bado madarakani.

Walioshindana walikuwa wawili. Wa kwanza ni George Clinton, jenerali wa vita vya uhuru, aliyekuwa gavana tangu mwaka 1777. Alikuwa amechaguliwa mara tano mfululizo, na sasa aliomba mara ya sita. Tusimwonee: watu wengi walimpenda kwa haki, hasa wakulima wadogo, kwa maana aliwaongoza katika miaka ya vita na njaa. Lakini miaka kumi na mitano ni mingi, na kiti kikikaliwa muda mrefu huanza kufanana na urithi. Katika uchaguzi wa mwaka 1789 alikuwa amemshinda mpinzani wake, Robert Yates, kwa kura 429 tu. Dalili za mvua zilikuwa zimekwisha kuonekana.

Wa pili ni John Jay, Jaji Mkuu wa kwanza wa Marekani, mtu wa chama cha Wafederalisti. Huyu ndiye aliyekuwa mwandishi mkuu wa katiba ya jimbo hilo ya mwaka 1777. Alikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kupigania kuachiliwa kwa watumwa mjini New York mwaka 1785, ingawa yeye mwenyewe alimiliki watumwa. Wapinzani wake hawakuacha kulitumia jambo hilo. Walipita kwa wenye watumwa wakiwatisha kwamba Jay akishinda, mali yao itachukuliwa.

Yafaa tuseme wazi ni akina nani waliopiga kura. Hesabu ya watu ya mwaka 1790 ilionyesha kwamba jimbo lilikuwa na watu 340,120, na zaidi ya 21,000 kati yao walikuwa watumwa. Sheria ilisema kwamba ili mtu amchague gavana sharti awe na ardhi yake mwenyewe yenye thamani ya pauni 100. Mtumwa hakupiga kura. Mwanamke hakupiga kura. Mwanamume maskini aliyelima shamba la mwingine hakumchagua gavana. Kura zilizohesabiwa mwaka 1792 kwa wagombea hao wawili zilikuwa 16,772, yaani kama watu watano tu katika kila mia. Basi hata kabla ya sanduku lolote kukataliwa, wengi walikuwa wamekwisha kukataliwa mlangoni. Msomaji alikumbuke hilo, asije akafikiri kwamba ninamsimulia habari za paradiso iliyopotea.

Sasa tutazame jinsi kura zilivyohesabiwa, maana hapo ndipo penye kiini cha mambo. Kura hazikuhesabiwa pale zilipopigwa. Wasimamizi wa kila mji walizikusanya, wakazitia sandukuni, wakalifunga na kulitia muhuri, kisha wakamkabidhi sherifu wa kaunti. Sherifu naye alitakiwa kuyafikisha masanduku yote katika ofisi ya Katibu wa Jimbo mjini New York. Huko kamati ya wajumbe kumi na wawili, sita wa Seneti na sita wa Baraza la Wawakilishi, ilikutana mwishoni mwa Mei ili kuyafungua na kuhesabu. Kwa wiki kadhaa, basi, kura za wananchi zilikuwa safarini juu ya magari na mashua, zikipita misituni na mitoni, na hakuna aliyejua zinasema nini. Na wale waliongojea kuzihesabu walikuwa wanasiasa, walio wengi wao rafiki za gavana.

Kutoka kaunti tatu masanduku yalifika na dosari. Katika kaunti ya Clinton, iliyo mbali kaskazini na ambayo ilipewa jina la gavana mwenyewe, sherifu alimkabidhi mtu mwingine masanduku bila kumpa hati ya maandishi ya kumfanya naibu. Katika kaunti ya Tioga, naibu wa sherifu aliugua njiani, na masanduku yakafikishwa na karani aliyekuwa naye. Katika kaunti ya Otsego, kipindi cha sherifu, Richard Smith, kilikuwa cha mwaka mmoja, nacho kilikuwa kimekwisha mwezi Februari. Mwingine alikuwa amekwisha kuteuliwa mwishoni mwa Machi, lakini hakuwa ameapishwa wala kushika kazi wakati masanduku yalipotakiwa kuondoka. Kwa hiyo Smith aliendelea na kazi aliyokuwa akiifanya, akayapokea masanduku na kuyapeleka.

Hakuna aliyedai kwamba mihuri ilivunjwa. Hakuna aliyedai kwamba karatasi ziliongezwa au kupunguzwa njiani. Lawama yote ilikuwa juu ya mkono uliolibeba sanduku, wala si juu ya kilichokuwamo ndani. Lakini kila mtu alijua kwamba Otsego ilikuwa ngome ya Jay, na kwamba kura za huko zikihesabiwa zingetosha kumpa ushindi.

Kamati ilipogawanyika, iliwaomba ushauri maseneta wawili wa New York katika Bunge la taifa, nao walikuwa mawakili mashuhuri. Rufus King alisema kura zihesabiwe. Aaron Burr alisema kwamba zile za Otsego zikataliwe. Kila upande ukachukua jibu ulilolitaka. Wajumbe saba, wafuasi wa gavana, wakaamua kwamba kura za kaunti zote tatu zisihesabiwe. Wajumbe wanne wakapinga kwa maandishi. Tarehe 12 Juni 1792 matokeo yakatangazwa: Clinton kura 8,440, Jay kura 8,332. Tofauti ilikuwa kura 108.

Ndugu msomaji, tuwape wajumbe wale saba nafasi ya kujitetea, kwa kuwa hata mshtakiwa ana haki ya kusikilizwa. Walisema: sheria imetaja sherifu. Mtu ambaye kipindi chake kimekwisha si sherifu. Tukikubali leo sanduku lililoletwa na asiye sherifu, kesho tutakubali lililoletwa na mpita njia, na keshokutwa lililojazwa na mwizi. Utaratibu ndio ukuta wa kura, na tofali moja likiondolewa ukuta mzima hulegea.

Hoja hii si ya kipumbavu. Sisi tuliodai mihuri, hati na sahihi za mawakala hatuwezi kusema kwamba utaratibu haufai kitu. Lakini tujiulize: utaratibu uliwekwa kwa ajili ya nani? Muhuri uliwekwa ili kura ya mwananchi isiguswe. Sherifu aliwekwa ili kura hiyo ifike. Iwapo haikuguswa, na ikafika, basi makusudi ya sheria yametimia. Mtu anayeichukua sheria iliyotungwa kuilinda kura na kuitumia kuiua kura ileile ni mfano wa mlinzi anayemfungia mwenye nyumba nje kwa sababu mbwa hakubweka. Mkulima wa Otsego alitimiza wajibu wake wote. Alitembea hadi mahali pa kupigia kura, akatoa karatasi yake, akarudi shambani. Hati ya sherifu haikuwa mikononi mwake. Alikosea nini hata aadhibiwe?

Na hapa tufike kwenye jambo linalouma zaidi. Je, hati ya sherifu ilikuwa mikononi mwa nani? Katiba ya New York iliwakabidhi uteuzi wa masherifu watu watano waliokaa katika Baraza la Uteuzi, yaani maseneta wanne pamoja na gavana mwenyewe. Gavana ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Masherifu waliteuliwa mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo hati ya Smith ilipokwisha mwezi Februari, na Otsego ikakaa wiki nyingi bila mrithi wake kuteuliwa, ofisi iliyochelewa ilikuwa ni ile ambayo George Clinton alikaa kwenye kiti cha mbele. Sisemi kwamba alichelewa kwa makusudi. Hakuna ushahidi wa hilo, na sitaki kumshuhudia mtu uongo, hata akiwa amekufa zaidi ya miaka mia mbili. Nasema tu kwamba pengo lilifunguliwa na serikali, mwananchi akatumbukia, na serikali ikavuna. Pengo la namna hiyo ni hatari hata mikononi mwa mtu mwema, maana siku moja litafika mikononi mwa asiye mwema.

Tukumbuke pia kwamba aliyeandika sehemu kubwa ya katiba hiyo ni John Jay mwenyewe. Mwaka 1777 aliona ni salama kumweka gavana katika Baraza la Uteuzi. Mwaka 1792 shoka lilimrudia. Waandishi wa katiba hudhani kwamba wataishi daima upande wa wenye nguvu, au kwamba wenye nguvu watakuwa daima watu wa heshima. Hakuna kosa kubwa kuliko hilo. Yatupasa tuisome kila ibara kana kwamba adui yetu ndiye atakayeitumia kwanza. Baraza lile lilifutwa hatimaye na katiba ya mwaka 1821, baada ya kila chama kulitumia kwa zamu yake kuwatuza wafuasi na kuwafukuza wapinzani.

Wala upande wa Jay haukuwa kundi la malaika. Tajiri mkubwa wa Otsego alikuwa jaji William Cooper, mwasisi wa mji wa Cooperstown, aliyewauzia walowezi ardhi kwa mkopo. Alishutumiwa kwamba aliwatisha wadeni wake ili wampigie Jay kura. Mtu anayekudai shamba unalolala juu yake hahitaji kukushika shati, hukutazama tu. Tukilia kwamba kura za Otsego zilitupwa, tusifiche kwamba huenda baadhi yake zilitoka kwenye mioyo yenye hofu. Lakini dawa ya vitisho ni kumchunguza aliyetisha, mbele ya mahakama, kwa ushahidi. Si kuzitupa kura za kaunti nzima, za aliyetishwa na za asiyetishwa pamoja, kwa kisingizio cha hati ya sherifu.

Sasa waliodhulumiwa walifanya nini? Hasira ilikuwa kubwa. Mikutano ilifanyika mijini, watu wakimtaja Jay kuwa ndiye gavana halali kwa uamuzi wa wananchi. Wako waliotaka uitishwe mkutano mkuu wa kuutengua uamuzi wa kamati, na wako walionong'ona habari za silaha, maana wengi wao walikuwa askari wa zamani wa vita vya uhuru na bunduki zilikuwa bado ukutani. Alexander Hamilton, aliyekuwa Waziri wa Fedha na adui mkubwa wa Clinton, alimwandikia Rufus King akionya dhidi ya mkutano huo na dhidi ya kutumia nguvu. Aliona kwamba mlango huo ukifunguliwa mara moja hautafungwa tena.

Jay mwenyewe alikuwa safarini, akisikiliza kesi za mahakama ya taifa huko Vermont. Aliporudi, miji ya njiani ilimpokea kwa mizinga na shangwe. Angeweza kusema neno moja tu, na nchi ingewaka. Hakulisema. Aliwashukuru watu, akakiri kwamba haki imevunjwa, kisha akawasihi watafute dawa kwa njia za kisheria na kwa utulivu.

Wako wasomaji wetu watakaosema kwamba huo ulikuwa woga. Naelewa. Neno amani limetumiwa mara nyingi mno kumziba mdomo aliyeibiwa, na mara nyingine limetumiwa hata juu ya mimbari. Lakini tupime vizuri. Jay hakusema kwamba Clinton ameshinda. Hakwenda kumpongeza na kuomba cheo. Wafuasi wake hawakunyamaza: walichapisha hoja za kisheria magazetini, wakapeleka malalamiko katika Baraza la Wawakilishi, nalo likafanya uchunguzi. Mwezi Januari 1793 Baraza, kwa wingi wa kura za rafiki za gavana, likawasafisha wajumbe wale saba. Walishindwa huko pia. Hata hivyo kila hoja ilikuwa imesemwa hadharani, kila jina lilikuwa limeandikwa, na mwananchi wa kawaida alikuwa amekwisha kutoa hukumu yake moyoni. Kukataa kumwaga damu ni jambo moja. Kukubali uongo ni jambo jingine. Jay alifanya la kwanza bila kufanya la pili, na huo ndio ushujaa ulio mgumu kuliko wote.

Uchaguzi uliofuata ulikuwa mwaka 1795. Clinton, baada ya miaka kumi na minane madarakani, hakugombea tena. Jay alikuwa Uingereza kwa kazi ya taifa, hakupiga kampeni hata siku moja, naye akachaguliwa gavana kwa tofauti ya zaidi ya kura 1,500. Mwaka 1799 alitia sahihi sheria ya kukomesha utumwa hatua kwa hatua katika jimbo lile. Dhuluma ya mwaka 1792 haikufutika, lakini wananchi waliijibu kwa silaha ileile waliyokuwa wamenyang'anywa.

Lakini mtihani wa kweli wa mpigania haki hauji siku anapodhulumiwa. Huja siku anapokuwa na uwezo wa kudhulumu. Mtihani wa Jay ulikuja mwezi Mei mwaka 1800. Chama chake kilikuwa kimeshindwa katika uchaguzi wa bunge la jimbo, na bunge hilo jipya ndilo lingewachagua wajumbe wa kumpigia Rais kura. Hamilton, yule yule aliyehimiza utulivu mwaka 1792, alimwandikia sasa kwamba aliite haraka bunge la zamani, ambalo muda wake ulikuwa haujakwisha, libadilishe kanuni kabla wapya hawajaingia. Lilikuwa jambo linalowezekana kisheria. Lingewanufaisha watu wake. Jay hakulifanya. Aliandika juu ya barua ile kwamba lilikuwa pendekezo kwa manufaa ya chama, ambalo aliona halimfai kulikubali, kisha akaiweka pembeni. Mwaka uliofuata aliondoka madarakani, na aliyechukua kiti chake alikuwa George Clinton.

Wanasiasa wa siku hizi watamwita mjinga. Mimi namwita mtu aliyeelewa mwaka 1792 ulimfundisha nini. Wengine hujifunza kutokana na dhuluma jinsi ya kudhulumu, wakangojea zamu yao. Yeye alijifunza kwamba sheria yaweza kufuatwa kwa herufi na kuvunjwa kwa roho, na akakataa kuwatendea wengine alivyotendewa.

Miaka mia mbili kamili baada ya uchaguzi ule, tarehe 29 Desemba 1992, Wakenya walipiga kura katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Kifungu cha 2A kilipofutwa. Waliokuwako wanakumbuka masanduku yakisafirishwa kutoka vituoni hadi kwenye kumbi za kuhesabia, na mawakala wakikimbilia magari ili wasiyapoteze machoni. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 86, inaagiza kwamba kura zihesabiwe na matokeo yatangazwe katika kila kituo. Haya hayakuja kwa hisani ya mtu. Yalidaiwa, na sababu ya kudaiwa ni ileile iliyowaliza wakulima wa Otsego: kura iliyo safarini haina mwenyewe.

Basi tukisikia tena methali ile ya mshindani na kushindwa, tuijibu kwa heshima. Tuseme kwamba tutakubali kushindwa, tena kwa moyo mweupe, siku kila sanduku litakapokuwa limefunguliwa. Tuwaambie waamuzi wetu kwamba kosa la mtumishi wa serikali lisilipwe na raia. Na pale ambapo sheria ina njia mbili za kusomwa, isomwe ile inayoihesabu kura. Na wale wetu watakaopewa madaraka kesho, wajiulize mapema, kabla utamu haujawaingia: barua kama ile ya Hamilton ikifika mezani pangu, nikiwa peke yangu na kalamu mkononi, nitaandika nini juu yake?